Makoti ya Chumba cha Baridi

Mamlaka ya Ubichi wa Maua Yaliyokatwa inapenda kuutangazia umma, wakulima, wafungashaji, madereva na wote wanaotarajia kuoa, kwamba kuanzia sasa hakuna ua litakaloruhusiwa kunyauka bila kibali. Maombi ya kunyauka yatapokelewa dirisha la tatu. Dirisha la tatu limefungwa kwa ukarabati. Mamlaka inayaomba maua yawe na subira.

Tangazo hilo nililiandika kwa mkono wangu na sioni haya kulitetea. Mimi ndiye Afisa Itifaki wa Mamlaka. Kazi yenyewe sikuipata kwa vyeti, nisiwadanganye. Niliipata harusini, siku nilipowapangia wageni viti kwa namna ambayo mabwana wawili wasiosalimiana walikaa meza mbili tofauti, na kila mmoja akarudi kwake akijua yake ndiyo iliyokuwa meza kuu. Mmoja wa hao alikuwa Mkurugenzi. Akaniita pembeni, akasema, "Wewe mama una serikali kichwani." Haikupita muda nikawa na kiti, meza na koti.

Hilo koti nitalieleza, maana bila koti hamtaielewa Mamlaka.

Ofisi yetu iko kwenye uwanja wa mizigo. Unaingia getini, unapita korido ndefu iliyoezekwa bati, na mwisho wa korido kuna mlango mnene kama wa benki. Nyuma ya mlango huo ndipo penye chumba cha baridi. Serikali ilikijenga kwa sababu moja ya maana. Ua likishakatwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, na kwenye joto linapumua mbio mbio mpaka linajimaliza. Ukilitia baridi linatulia. Basi kila ua linalosafiri kwenda nje lilitakiwa lipumzike kwanza mle ndani, lipoe mpaka moyoni, ndipo lipande lori la friji kwenda kwenye ndege. Baridi hiyo isiyokatika njiani ndiyo wataalamu wanayoiita mnyororo wa baridi.

Chumba kilipokamilika, Mkurugenzi alikwenda kukikagua. Aliingia akiwa anatoka jasho, akakaa humo kidogo, akatoka uso umenawiri kama bwana harusi. Hapo hapo akatoa hoja ambayo mpaka leo hakuna aliyeijibu. Alisema, kama baridi inalisaidia ua, ambalo halina hata elimu ya sekondari, je, itamfanyia nini mtaalamu?

Kesho yake meza zikaingia. Halafu makabati, halafu sofa, halafu televisheni ya kufuatilia hali ya hewa na mpira. Mkurugenzi akaleta na ndizi zake mbivu, kwa kuwa friji ya nyumbani ilikuwa imejaa. Maua yakahamishiwa kwenye korido, chini ya bati, kwa muda, kusubiri tathmini.

Msije mkadhani tulisahau lengo. Ndani tulipanga maua ya plastiki, tukayatunza kwenye baridi ile ile iliyoagizwa na wahandisi. Katika taarifa ya mwaka tuliripoti kwamba hakuna hata moja lililonyauka. Tulipewa cheti, kiko ukutani.

Sasa, binadamu hawezi kuandika barua huku meno yanagongana. Ndipo yakaagizwa makoti ya sufu. La Mkurugenzi lilifika kwenye vifundo vya miguu na lilikuwa na manyoya shingoni. Wakuu wa vitengo walipewa ya magotini, makarani ya kiunoni. Mimi nilipewa la magotini pamoja na skafu, kwa sababu ya itifaki. Mfagizi alipewa glovu moja.

Koti likawa cheo. Nje ya ofisi jua linawaka mpaka lami inanata kwenye viatu, na bado humwoni mtu wa Mamlaka akivua koti. Mhasibu wetu aliwahi kulivua akalitundika mkononi, akatoka nalo hivyo mpaka kituo cha basi. Alipofika nyumbani alimkuta shemeji yake keshakuja kumpa pole ya kufukuzwa kazi, na watu wawili wameshapeleka majina kugombea kiti chake. Tangu siku hiyo analivaa hata akienda kununua mkaa.

Huo ndio ulikuwa utaratibu, na ulikuwa mzuri. Aliyeuingilia ni mdogo wangu.

Mdogo wangu ana banda la kufungashia maua, ng'ambo ya barabara. Yeye na wanawake wenzake wanapokea mawaridi alfajiri, wanayatia kwenye ndoo za maji, wanachambua, wanayapunguza mabua, wanayafunga na kuyalaza kwenye maboksi. Mdomo anao, huyo. Tukiwa nyumbani, na nyumbani kwetu watu hawapungui mezani, yeye ndiye anayesikika mpaka kwa jirani wa tatu. Ana mnunuzi mmoja tu, mtu wa ng'ambo anayepamba kumbi za harusi. Mzigo uliotangulia, uliopumzika kwenye korido yetu, ulifika huko shingo zimelala. Mnunuzi akampigia akamwambia kwa upole kabisa kwamba mwingine ukifika vile, atatafuta watu wengine. Na akiondoka yule, banda linafungwa na wanawake wote wanarudi kukaa bila kazi.

Siku ya mzigo wa pili iliangukia siku ya ziara ya Mama Waziri, aliyekuwa anakuja kukizindua rasmi chumba cha baridi. Asubuhi hiyo nikiwa nafuta vumbi kwenye maua ya plastiki, mlango ukagongwa. Nikatoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye korido na mkokoteni wa maboksi, jasho linamtiririka, nyuma yake wenzake wameshika viuno.

"Dada, fungua mlango."

"Mdogo wangu, ndani kuna kikao."

"Cha nini?"

"Cha mnyororo wa baridi. Wanajadili usikatike."

"Umeshakatika. Umekatikia hapa, kwangu mimi na maboksi yangu."

"Punguza sauti, Mkurugenzi atasikia."

"Asikie. Kwani ana masikio ya sherehe tu?" Akaweka kiganja juu ya boksi kama anayempima mtoto homa. "Lori linaondoka jioni. Haya yasipopoa sasa, yatachanulia njiani. Yakifika huko yatakuwa yamelaza shingo kama walevi. Na mimi nitakuja kulaza yangu kwako, nikae nile mpaka uchoke."

"Unakula kwangu hata sasa hivi."

"Sasa hivi nakula kwa adabu."

Wenzake wakacheka. Nikawaambia hapa ni ofisi ya serikali. Mmoja akauliza kama serikali huwa inavaa skafu.

Mkurugenzi akatoka kusikiliza kelele, koti linaburuza, ndizi mkononi. Mdogo wangu akaenda moja kwa moja.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba nafasi ndani ya chumba."

"Marahaba. Nafasi ipo, mama. Kinachokosekana ni pa kuiweka."

"Chumba si kilijengwa kwa ajili ya maua?"

"Na kinayahudumia. Maua yako yanahudumiwa kisera. Huko ndani tunayazungumzia wewe huku umelala."

"Mheshimiwa, yasipozungumziwa yakawekwa tu ndani, itakuwaje?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua kutumia lifti. "Hapo tutakuwa tumeruka hatua."

"Basi hata pembeni tu. Toa hizo ndizi, niweke maboksi. Tena ndizi mbivu hazikai na waridi, Mheshimiwa. Linavuta ile hewa yake, linazeeka kabla ya siku zake."

"Hilo tunalijua," alisema Mkurugenzi. "Ndiyo maana tuliyatoa maua."

Akamenya ndizi, akarudi ndani, mlango ukajifunga taratibu. Mdogo wangu akanigeukia. Hakusema kitu, na nyinyi hamumjui, lakini mimi nilijua hiyo ni hatari kuliko matusi. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Nikarudi kupanga viti. Kazi ni kazi.

Mama Waziri alifika jua likiwa katikati. Ni mama wa makamo, mwembamba, gauni jepesi la maua, mkononi kipepeo cha kupepea. Nilimpokea getini, nikamvusha korido, nikampitisha mbele ya maboksi ya mdogo wangu nikisema hayo yako kwenye hatua ya kusubiri hatua. Ndani ya chumba wakuu wote walikuwa wamesimama na makoti yao kwa mpangilio wa urefu. Meza kuu nilikuwa nimeipamba mpaka ikapendeza. Mama Waziri akaingia, akasimama, akapiga chafya.

"Hapa pana baridi," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa Waziri," alisema Mkurugenzi kwa fahari.

"Sana."

"Tumejitahidi."

Akapiga chafya nyingine. "Mimi kifua changu hakitaki masihara. Nitawasikiliza nikiwa nje." Akageuka, akatoka, akatafuta pa kukaa, akaona benchi la wapagazi kwenye korido, akakaa, akajipepea. "Hapa ndiyo pazuri. Endeleeni."

Ndugu zangu, itifaki ni kama kivuli, inamfuata mtu, haifuati jengo. Alipokaa Waziri ndipo penye meza kuu. Nikatangaza kwamba uzinduzi umehamia korido. Wakatoka wote, Mkurugenzi na wakuu wa vitengo na makarani, wakapangwa chini ya bati mchana kweupe, na makoti yao ya sufu. Kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake nani atakuwa wa kwanza kuvua. Mhasibu alifungua kifungo kimoja, wakamtazama, akakifunga.

Mkurugenzi akafungua hotuba. Ilikuwa hotuba nene.

"Mheshimiwa Waziri, tunaposema ubichi, tunasema nini?"

Akaanza kujijibu.

Hapo ndipo nilipohisi mtu ananitazama. Mimi na mdogo wangu tangu utotoni tunazungumza kwa macho mbele ya wageni. Tulikulia nyumba yenye wageni wengi. Macho yake yakaniuliza, kule ndani kuna nani? Yangu yakajibu, hakuna. Yake yakauliza, na mlango? Yangu yakatazama juu, yakaanza kuhesabu misumari ya bati.

Wanawake wale wanajua kubeba bila kelele. Watu wa ofisi wote walikuwa wamemwelekea Waziri, migongo yao kwenye chumba. Ndizi zilitoka kwanza. Halafu ikatoka sofa, ambayo ilipita nyuma ya Mkuu wa Kitengo cha Mali na yeye akasogea kuipisha. Yakatoka maua ya plastiki, wakayapanga miguuni pa Mama Waziri, naye akasema ofisi hii ina mapambo ya kupendeza. Yakaingia maboksi, moja baada ya moja, yakaachiwa nafasi katikati ili upepo wa baridi upite. Mlango ukafungwa. Mdogo wangu akauegemea kwa mgongo, mikono kifuani, kama mtu aliyekuwa hapo tangu jengo lijengwe.

Hotuba ilikuwa imefika kwenye changamoto. Nikaona Mkurugenzi anapunguza kasi. Uso ulikuwa umebadilika rangi mara mbili. Alisema "mnyororo", akasema tena "mnyororo", akasahau unafungwa wapi. Akaomba udhuru, akamwachia msaidizi wake karatasi, akaja kwa miguu mizito mpaka mlangoni.

"Mama, pisha. Naingia kupumua."

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alisema mdogo wangu kwa sauti ya chini. "Ndiyo kwanza yanaanza kupoa. Ukifungua, joto linaingia, unyevu unakaa kwenye petali. Jioni natuma maua, huko wanapokea ukungu."

"Naingia peke yangu."

"Na koti hilo? Mzee, wewe utaingia na joto la wilaya nzima."

"Hiki ni chumba changu."

"Vua koti basi, ukae hapa upepewe."

Akanigeukia mimi. "Bi Itifaki. Nifungulie mlango."

Niwaambieni hali ilivyokuwa, maana watu wa mtaani wameisimulia kwa namna nyingi na zote wamezitia chumvi. Huyu ndiye aliyenipa kiti. Koti la magotini nimelivaa kwa ajili yake. Kwangu wanakula watu wengi, na wote wanakula kwenye mshahara huo. Upande wa pili kuna mdogo wangu, kauegemea mlango, na wenzake wote wananitazama mimi, si Mkurugenzi. Nikafunga vizuri skafu yangu, nikafanya kazi niliyoajiriwa kufanya.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa mujibu wa itifaki, Waziri akikaa nje, afisa hakai ndani. Utakuwa umemzidi baridi."

Alinitazama. "Imeandikwa wapi hiyo?"

"Inaandikwa, Mheshimiwa."

Akafungua mdomo atoe amri, akaona Mama Waziri anatazama upande wetu, akatabasamu, akateleza ukutani mpaka chini.

Sasa wale wanawake hawakusomea udaktari. Wamesomea waridi. Waridi likilegea, unalitia maji miguuni, unalifunga karatasi likae wima, unaliegesha kivulini. Wakamvua viatu na soksi. Wakamtumbukiza miguu kwenye ndoo ya maji baridi, na mmoja akanyunyizia ile dawa ya maua kwa mazoea tu. Koti walitaka kulivua, akalishika kwa mikono miwili. Wakamviringishia gazeti kuanzia mabegani mpaka masikioni ili shingo isimame, wakafunga na mpira, wakamwegesha ukutani. Rangi ikaanza kumrudi.

Msaidizi alimaliza hotuba. Makofi yakapigwa kivivu. Mama Waziri akasimama, akaja akijipepea, akasimama mbele ya ndoo.

"Huyu Mkurugenzi wenu kafanyaje?"

Mtu mwingine angesema amezidiwa na joto, watu wakampa pole, ikaishia hapo. Lakini ukurugenzi hautolewi bure. Alifungua jicho moja juu ya gazeti.

"Mheshimiwa Waziri, hili ni onyesho."

"La nini?"

"La namna Mamlaka inavyotunza ua lililokatwa. Hatukutaka kukuchosha kwa maneno. Nimejitolea kuwa ua."

Mama Waziri akamzunguka, akainama kutazama maji. "Kwa hiyo hiyo miguu ndiyo mabua."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na gazeti?"

"Sera."

Waziri akapiga makofi, na safari hii makofi yalikuwa ya kweli. Alisema amezunguka ofisi nyingi na hajawahi kumwona kiongozi anayejishusha kiasi hicho. Akaomba picha. Walipiga wote pamoja, Mkurugenzi katikati ndani ya ndoo. Mdogo wangu hakupiga picha. Hakutoka mlangoni.

Jioni dereva wa lori la friji, tunayemwita Taratibu kwa kuwa hajui maana ya neno hilo, alirudisha gari nyuma mpaka mlango wa lori ukabusu mlango wa chumba. Maboksi yakapita kutoka baridi kwenda baridi, bila kuona jua. Mdogo wangu aliyafunga mwenyewe kwa mikanda yasije yakateleza kwenye kona.

"Kona zako nazijua," alimwambia dereva.

"Dada'angu, leo nitaendesha kama nimebeba mkwe."

"Mkwe wako ulimwangusha."

"Ndiyo maana leo nitajirekebisha."

Usiku ule nyumbani alikula kidogo na hakuzungumza, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ikawa hivyo mpaka simu ya mnunuzi ilipoingia. Mawaridi yalikuwa yamefika yamesimama wima, tumba zimefunga, baridi bado iko kwenye mabua. Anataka mengine, tena maboksi zaidi. Mdogo wangu akatoka nje akawaambia wenzake kwa sauti ambayo waliisikia hata wasiohusika. Siku hiyo kwetu hapakuwa na pa kukaa.

Habari ikamfikia Mama Waziri. Akapiga simu ofisini, Mkurugenzi akaweka sauti ya juu ili sote tusikie akisifiwa.

"Mzigo ule wa kwanza uliharibika na huu umefika salama. Tofauti ni nini?"

Hapo palikuwa na jibu la kweli, na lilikuwa limesimama kwenye korido na mkokoteni. Mkurugenzi hakulitazama.

"Tofauti, Mheshimiwa Waziri, ni lile onyesho langu."

"Nilijua," alisema Waziri. "Basi lifanyike kwa kila mzigo. Lifanyike pale pale kwenye korido, na makoti yale yale, na ndani ya chumba pasiwe na mtu siku hiyo. Tusibadilishe kitu."

"Naam, Mheshimiwa. Nitamteua msaidizi wangu akae kwenye—"

"Aliyejitolea ni wewe. Yeye alisoma tu karatasi."

Mizigo sasa hivi ni karibu kila siku, kwa kuwa mnunuzi amewaambia na wenzake. Makabati yalikuwa yanahamishwa kutwa, mwishowe tukayaacha kwenye korido, na sofa nayo. Wakuu wa vitengo wanafanya kazi chini ya bati, wamevaa sufu mpaka kidevuni. Ndani ya chumba ni waridi tupu. Waandishi huja kupiga picha, na wageni kutoka wizara nyingine huja kujifunza. Mimi nawapangia viti kuizunguka ndoo, wenye vyeo karibu na maji.

Jana lori lilichelewa. Mkurugenzi alikuwa amekaa tangu asubuhi, gazeti limemfika masikioni, vidole vya miguu vimekunjamana kama zabibu. Akadhani hakuna anayemwona. Akainua mguu mmoja polepole, akautoa, akauweka juu ya sakafu kavu, akashusha pumzi.

Mdogo wangu alikuwa anapita na mkokoteni. Hakusimama wala hakugeuza kichwa.

"Miguu ndani, Mheshimiwa. Gari bado halijatoka."